Kipilefti ya Bujumbura: kisa cha shemeji na Noah ya kukodi

Mimi nafundisha udereva hapa Mwanga, Kigoma, huu mwaka wa kumi na moja sasa. Shemeji yangu hakupita kwangu, alijifunzia Kasulu kwa mjomba wake kwenye Canter ya mkaa, lakini niseme mapema kabisa kwamba ni dereva mzuri. Miaka 14 barabarani hana ajali, hanywi, hakimbizi gari, indiketa anawasha hata akiwa anaingia getini kwake. Nasema hivi kwa sababu kila mtu niliyemsimulia yaliyomkuta Bujumbura amejibu haraka haraka "huyo hajui kuendesha", na mimi naona ni kinyume, jamaa angekuwa dereva mchanga pengine yasingemkuta.

Ilikuwa Juni 2025. Mama yetu alikuwa na miadi ya macho Bujumbura, siku tano za kwenda na kurudi kliniki. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni kawaida tu, Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli na Bujumbura unapanda Noah ya abiria hadi Manyovu mpakani, unagonga muhuri, unateremka Mugina, unapita Nyanza-Lac na Rumonge ziwa likiwa kushoto kwako njia nzima, jioni umefika. Wakaenda watatu, mama, dada yangu na mumewe ambaye ndo shemeji mwenyewe. Gari yake waliiacha nyumbani maana kadi bado ina jina la aliyemuuzia, na kuvuka mpaka na gari isiyo ya jina lako bila barua ya mwenye gari ni kujitafutia maneno, afu kuna ile bima ya kadi ya njano ya COMESA ya kukata kabla hujatoka, akaona usumbufu wote huo wa nini, tutakodi hukohuko. Teksi nazo alizipigia hesabu akaona kwa siku tano na mgonjwa zitamla, na kwa ile shida ya mafuta ya Burundi teksi yenyewe unaweza kuisubiri nusu siku.

Wakakodi Noah, ile ya zamani yenye mlango wa kusukuma upande mmoja tu, wa kushoto. Bila dereva.

Lugha haikuwa shida. Sisi Waha tunaelewana na Warundi bila mkalimani, na ukifika mtaa wa Buyenzi hapo Bujumbura Kiswahili kinaongelewa hadi unajiuliza kama hujarudi Ujiji. Shida ilikuwa mkataba, kurasa nne za Kifaransa. Akaonyeshwa maneno mawili tu na kijana wa pale ofisini: "caution", hiyo ni dhamana, weka dola 300 kaka, na "franchise", hiyo usijali. Sasa hiyo ya usijali ndo ya kuijali kuliko zote. Maana yake ni kiasi ambacho gari ikiumia unalipa wewe kwanza kabla bima haijafungua mdomo, na kwenye mkataba wake ilikuwa dola 250. Yaani mkwaruzo, bodi kubonyea, taa kuvunjika, vyote vya kwake. Shemeji anasema aliambiwa gari ina bima kubwa akalala usingizi. Ni kweli ilikuwa nayo, ila bima kubwa yenye franchise ya dola 250 kwa ajali ndogo ndogo za mjini ni kama hamna kitu.

Haya tuje kwenye gari yenyewe.

Burundi wanaendesha kulia. Hilo kila mtu Kigoma analijua, sisi na Warundi tulikuwa koloni moja la Mjerumani, baada ya vita ya kwanza wao wakaangukia kwa Mbelgiji na sisi kwa Mwingereza, basi tukagawana pande za barabara mpaka leo. Shemeji alijua na alijiandaa. Alichokuwa anategemea ni kukuta usukani kushoto, na njia nzima kuanzia Nyanza-Lac alikuwa anafanya mazoezi ya kichwani, gia mkono wa kulia, kioo cha katikati mkono wa kulia. Akafika akakabidhiwa ufunguo, anafungua, usukani upo kulia kama wa kwake wa nyumbani. Magari mengi ya Burundi ni hayahaya tunayotumia sisi, ya Japani, yanashukia bandari ya Dar na yanapita barabara zetu, Probox zimejaa mji mzima na usukani wake kulia. Alifurahi kweli. Alimwambia dada, "Mama Shani, hii kama ipo Gungu bana," yaani hapa kwetu Kigoma, na dada anakumbuka kwamba kuanzia hapo yale mazoezi yakaisha.

Kwa maoni yangu kisa chote kiko hapo kwenye ile furaha. Usukani ukiwa upande usiouzoea, kila ukigusa gia mwili unakumbushwa kwamba hapa si nyumbani, unakaa macho. Ukiwa upande ulioujua miaka 14, kila kitu ndani ya gari kinakwambia upo nyumbani na barabara peke yake ndo inakwambia haupo. Barabara ikinyamaza, gari inashinda.

Na siku ya kwanza barabara haikunyamaza. Katikati ya mji magari yapo mengi, unamfuata wa mbele yako, ukienda vibaya unapigiwa honi na watu kumi. Katikati pale ni rahisi pia kwa sababu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia, kwa hiyo hukutani na bodaboda anayechomoka chini ya kioo. Alichokiogopa ni kipilefti. Ucheke usicheke, sisi Watanzania mzunguko wa barabara tumeuita kipilefti kutokana na lile bango la Waingereza la "keep left", la kukuambia ubaki kushoto, yaani jina lenyewe ni maelekezo, na shemeji anafika kwenye mzunguko wa kwanza Bujumbura kichwani neno linalokuja ni kipilefti, na ukilitii unakutana uso kwa uso na mji mzima. Akasimama kabisa. Akangoja lori, akaliacha liingie, akalifuata mgongoni kama ndama na ng'ombe, wakazunguka kinyume cha kwetu wakatoka salama. Siku mbili nzima aliendesha hivyo, kwa woga, bila hata kosa moja.

Siku ya tatu akawa ameshazoea. Mnaona tunapoelekea.

Gari alikabidhiwa ikiwa na robo tenki, na mafuta Burundi yamekuwa adimu miaka sasa, foleni ya sheli inaweza kulala na kuamka. Alipanga foleni saa 3 usiku, akasinzia kwenye siti, saa 11 na nusu alfajiri akapata lita 15 zake akatoka. Peke yake, ana usingizi, barabara tupu, hakuna hata wa kumfuata. Sheli ilikuwa upande wake wa kulia na yeye alitaka kurudi alikotoka, kwa hiyo anatakiwa akate kushoto. Kwa Burundi kukata kushoto ni kona ndefu, unavuka barabara unaenda kushika upande wa pili. Kwetu kukata kushoto ndo kona fupi, unajibana tu ukingoni unaondoka. Mikono yake ikakata kona ya Kigoma. Akaenda kama mita 300 anasema, yupo kushoto kabisa amestarehe, anatafuta kituo cha redio, mpaka alipoona taa mbili zinamjia kwenye mstari wake.

Hapa naomba wenzangu madereva mtulie kidogo, maana hili nilikuwa sijawahi kulifikiria na ninafundisha. Gari ikikujia usoni, mikono inakimbilia upande uliozoea kukimbilia. Mtanzania anakwepea kushoto, nje ya barabara. Mrundi anakwepea kulia, nje ya barabara. Sasa mkiwa mmeangaliana, kushoto kwako na kulia kwake ni upande mmoja! Kila mtu anafanya alichofundishwa, kila mtu yupo sahihi kwa kwao, na mnaenda kukutana kwenye mtaro uleule. Shemeji anasema mikono ilishaanza kwenda kushoto, kilichomwokoa ni kwamba alikanyaga breki kwa nguvu zote gari ikasimama kabla haijafika ukingoni, na dereva wa gari iliyokuwa inakuja, Probox, akamwona amesimama, akapitia upande mwingine ambao ulikuwa mtupu. Alipita amefungua kioo akasema kitu kwa Kirundi ambacho shemeji alikielewa vizuri sana na hataki kukirudia mbele ya mama mkwe.

Hakumwambia mtu. Hilo ndo kosa ambalo mimi namlaumu nalo kuliko yote, maana angewaambia dada na mama kwamba nimepotea upande, wangekaa macho na wao. Alikaa kimya kwa aibu, mwanaume wa miaka 14 barabarani.

Usiku wa siku hiyohiyo walitoka kula kwa ndugu, mtaa wa Kanyosha, na njia nzima magari yanayokuja yanampiga fulu. Yeye ameweka dimu. Anapunguza, anaangalia, dimu ipo, bado wanampiga fulu, akaanza kukasirika akidhani wanamtambua ni mgeni. Kumbe taa za gari zilizotengenezwa kwa kuendesha kushoto mwanga wake wa dimu haukai sawa, unanyanyuka kidogo upande wa kushoto ili umulike ukingo, watembea kwa miguu na vibao. Ukiichukua taa hiyo ukaipeleka kwenye barabara ya kulia, ule mwanga ulionyanyuka unaingia machoni mwa anayekuja. Gari za namna hiyo ni nyingi mjini kwa hiyo wenyewe nao wanapigana taa kila usiku, lakini mgeni asiyejua anaona ni ugomvi wake.

Siku ya nne, Buyenzi. Mama alitaka kununua vitenge. Ukitoka katikati ya mji ukaingia Buyenzi zile baiskeli na pikipiki zilizozuiwa kule zote unazikuta huku, na mafundi magari wamejaa, gereji barazani, watu, mikokoteni. Shemeji akapaki vizuri tu, upande wa kulia, akajibana ukingoni, akazima gari, akafungua mlango wake akateremka kwenye lami pembeni salama kabisa. Dada siti ya mbele kushoto akafungua mlango wake kama anavyofungua siku zote, bila kugeuka. Kijana wa baiskeli aliyebeba madumu matupu akaingia kwenye ule mlango. Mama kwa nyuma alishasukuma mlango wake na mguu mmoja ulikuwa tayari hewani, madumu yakadondokea miguuni mwake.

Mungu saidia, kijana alichunika kiwiko na goti, rimu ya mbele ikapinda, mlango wa Noah ukasukumwa mbele kupita kipimo chake na bawaba ikaharibika. Mama hakuumia ila sukari ilipanda siku mbili.

Ukimuuliza dada anasema "mimi niliangalia wapi, si nilikuwa nateremka tu," na kweli kwa maisha yake yote hajawahi kuwa na sababu ya kuangalia. Kwetu abiria wa kushoto anateremkia pembeni, kwenye mtaro, kwa muuza karanga. Anayeteremkia barabarani ni dereva, na dereva tunamfundisha, angalia saidi mira kwanza, fungua kidogo, angalia tena, ndo utoke. Ukiihamishia gari hiyohiyo Burundi, hatari inahama kutoka kwa mtu aliyefundishwa inakwenda kwa watu ambao hawajafundishwa kitu, na kwenye hiyo Noah hapakuwa hata na mlango wa upande wa pili wa kumteremshia mama, wa kusukuma ni mmoja tu na unafungukia magari. Yeye dereva ndo akawa mtu aliye salama kuliko wote, na hakulifikiria hilo kwa sababu kwake yeye kuteremka kulikuwa kumerahisika.

Kwa hiyo nani mwenye makosa? Polisi wa barabarani walifika, hawakuchukua hata dakika mbili, mlango umefunguliwa kwenye njia ya mtu basi aliyefungua ndo mkosaji na dereva anabeba gharama za gari yake. Sina ubishi na hilo. Wazee wa pale walisaidia sana, mazungumzo yote Kiswahili, kijana akapelekwa dispensari akafungwa vidonda, rimu ikanunuliwa nyingine, madumu yalikuwa mazima. Kijana akapewa na kitu kidogo cha siku mbili za kazi. Wakaachana kwa heri na namba ya simu wakapeana.

Kwa wenye gari ndo hakukuwa na heri. Fundi wa palepale Buyenzi alisema mlango anaunyoosha siku hiyohiyo, lakini mkataba unakataza kutengeneza mwenyewe, ukarudi ofisini umepinda. Wakapiga hesabu faranga 600,000. Shemeji akaona si mbaya, maana kwa bei ya mtaani dola ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki, kwa hesabu hiyo 600,000 haifiki hata dola 100. Wao wakaigeuza kwa reti ya benki, chini kidogo ya faranga 3,000 kwa dola, ikawa dola 200 na ushee, wakakata kwenye dhamana. Na zile zilizobaki hawakumrudishia dola, walimrudishia faranga, kwa reti ileile ya benki. Kwa kifupi aliingia na dola akatoka na karatasi. Kisheria hawana kosa, reti ya benki ndo reti halali na za mtaani ni za mtaani, ila mtu anayekudai dhamana kwa dola na kukurudishia kwa faranga anajua anachofanya. Ningekuwa yeye ningegoma kusaini mpaka iandikwe kwamba dhamana inarudi kwa fedha ileile iliyotolewa, na ningepiga picha gari pande zote, maana walimtajia na mkwaruzo wa bampa ya nyuma ambao hata hakumbuki kama aliukuta ama la.

Nimeongea na madereva wa malori wanaopita hapa, wanavuka Burundi na Kongo na usukani wao wa kulia miaka yote, nikawauliza nyie mnafanyaje. Mmoja akanishangaa, akasema "mwalimu, utingo ana kazi gani?" Kumbe wakivuka mpaka utingo hana ruhusa ya kulala. Anakaa siti ya kushoto, na dereva akitaka kuovateki lori jingine haoni kitu maana yeye amekaa upande wa majani, anayeona mbele ni utingo, ndo anasema "twende" au "bado". Akifika kona anatamka kwa sauti, kulia kulia. Akiteremka yeye ndo anayeangalia nyuma. Shemeji alikuwa na utingo wawili ndani ya gari, mke na mama mkwe, wote wana macho (sawa, mama nusu), na hakuna aliyeambiwa kwamba ana kazi.

Sweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia nchi nzima siku moja, tarehe 3 Septemba 1967 saa 11 alfajiri. Watu walitegemea maafa, badala yake ajali zilipungua mwanzoni, kila mtu anaendesha kwa woga, zikaja kurudi kama zamani watu walipozoea. Nikisoma hilo namwona shemeji nyuma ya lile lori kwenye kipilefti siku ya kwanza, na namwona siku ya tatu anatafuta redio.

Kwenye darasa langu sasa wale wanaosema wanakwenda Bujumbura au Uvira nawaambia kama usukani utaukuta kulia ufunge kitambaa mkono wa kulia, kitu chochote cha kukusumbua, na usikitoe ukishazoea. Kutoka sheli, kutoka getini, asubuhi barabara ikiwa tupu, sema kwa mdomo upande unaokwenda. Abiria wote wateremke mlango wa ukingoni, na kama hamna mlango huo basi dereva anashuka kwanza anazunguka anawafungulia yeye. Shemeji anasema kitambaa ni uganga. Sawa.

Walirudi Jumamosi kwa basi. Jumapili asubuhi shemeji akatoa gari yake kwenda kujaza mafuta Gungu, akajaza tenki nzima bila foleni, akafurahi, akatoka pale sheli akakata kona ndefu safi kabisa akashika kulia. Vijana wa bodaboda kijiweni wakaanza kupiga miluzi, mmoja akamfukuzia na pikipiki mpaka dirishani: "Mzee, Manyovu bado mbali, hapa bado Tanzania!"